Vwawa na kampasi ya afya: lipi litangulie?

Tangu kampasi za vyuo vikuu zianze kupelekwa mikoani, swali moja halikauki midomoni mwa watu wa Songwe. Kigoma imepangiwa tawi la Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS. Rukwa, ambao ni majirani wa ukutani, wamepewa tawi la Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST. Katavi wanalo la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Na sisi huku, chuo cha madaktari kitakuja lini?

Kilichochochea swali hilo ni Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaojulikana zaidi kwa jina la HEET, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 425 mwaka 2021. Fedha hizo zilikusudiwa kupanua vyuo vikuu vya umma, na sehemu yake imekwenda kwenye mikoa ambayo haikuwahi kuwa na jengo la chuo kikuu. Mwananchi anayeona mabati mapya yakiezekwa kwa jirani ana haki ya kuuliza zamu yake.

Tatizo ni kwamba watu wanaouliza hawaulizi kitu kimoja. Mmoja akisema kampasi ya afya, anawaza madaktari wa shahada wanaosoma miaka mitano chini ya ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu. Wa pili anawaza chuo cha kati cha wauguzi na matabibu, kinachosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Wa tatu wala hana habari na wanafunzi: anachotaka ni madaktari bingwa wapatikane Vwawa, asilazimike kumsafirisha mgonjwa hadi Mbeya. Haya ni mambo matatu, yenye gharama tofauti, na kila moja lina mlango wake serikalini. Vyuo vikuu viko Wizara ya Elimu. Hospitali za rufaa za mikoa ziliondolewa TAMISEMI na kupelekwa Wizara ya Afya mwishoni mwa 2017. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya vimebaki TAMISEMI. Ombi lisilojua linagonga mlango upi huzungushwa mpaka waliolipeleka wachoke.

Mkoa wenyewe ulivyo

Songwe ni mkoa mchanga. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, mji wa Wilaya ya Mbozi ulio kando ya barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,344,687. Mbozi ni nyanda za juu, nchi ya kahawa na mahindi. Ileje imeegemea mpaka wa Malawi. Momba inashuka hadi bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto na mbu, na Wilaya ya Songwe ina machimbo ya dhahabu. Tunduma, mpakani na Nakonde ya Zambia, ni mji wa malori, forodha na biashara usiku na mchana.

Kwa hiyo magonjwa ya mkoa huu hayafanani kutoka wilaya moja hadi nyingine. Bondeni ni malaria na magonjwa ya maji machafu. Barabarani ni ajali na maambukizi yanayofuata njia za usafiri. Mlimani kuna jambo ambalo watafiti wanalijua kuliko wananchi wengi wa Mbozi wenyewe: tegu wa nguruwe. Ufugaji wa nguruwe ni akiba ya kaya nyingi hapa, na nguruwe akiachwa azurure mahali pasipo vyoo vya uhakika, mzunguko wa mnyoo huyo unakamilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika katika vijiji vya Mbozi, uliwakuta watu asilimia 16.7 ya waliopimwa wakiwa na dalili za damuni za maambukizi ya viluwiluwi vya tegu. Viluwiluwi hivyo vikifika kwenye ubongo huleta kifafa. Mtoto anaanguka motoni jikoni, familia inasema amerogwa, na kidonge cha kuzuia degedege cha bei ndogo hakimfikii kwa sababu hakuna aliyeunganisha mambo matatu: nguruwe, choo na kichwa cha mtoto.

Nimelitaja hilo kwa makusudi. Hoja nyingi za kutaka chuo hujengwa juu ya heshima ya mkoa, wakati hoja yenye nguvu zaidi iko zizini. Kuna maradhi ambayo mwanafunzi wa Dar es Salaam atayasoma kitabuni tu, na huku yanamsubiri kijijini.

Kwa upande wa huduma, Vwawa ina hospitali ya rufaa ya mkoa iliyojengwa eneo la Hasamba. Wilaya pia ina Hospitali ya Mbozi Mission ya Kanisa la Moravian, yenye chuo cha uuguzi. Kama kilometa 70 mashariki yuko mkubwa wa kanda nzima: Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, pamoja na kitengo chake cha wazazi cha Meta. Hospitali hiyo ndiyo darasa la vitendo la Ndaki ya Afya na Sayansi Shirikishi ya Mbeya, MCHAS, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jirani huyu asisahaulike, maana hakuna mpango wa Vwawa unaoweza kumkwepa.

Uhaba ambao hauponi kwa kuongeza wahitimu peke yake

Wanaotetea kampasi huanza na uhaba wa watumishi, na uhaba upo kweli. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000. Ukikipeleka kipimo hicho Songwe, mkoa ungehitaji karibu watumishi 6,000 wa kada hizo. Hakuna mkoa wa pembezoni Tanzania unaoukaribia wastani wa namna hiyo.

Lakini chanzo cha pengo hilo ni zaidi ya uchache wa vyuo. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza mwaka 2007, uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wananchi walijitolea mawe na mchanga, majengo yakaongezeka, na watumishi hawakuongezeka kwa kasi ile ile. Baadaye ajira za Serikali zikasimama kwa muda, na uhakiki wa vyeti wa 2017 ukawaondoa watumishi wengine kazini.

Mwaka huo huo wa 2017 kulitokea jambo linalofundisha kuliko ripoti nyingi. Tanzania ilikubali kuipatia Kenya madaktari 500. Mahakama ya Kenya ilipouzuia mpango huo, Serikali ya Tanzania iliwaajiri madaktari 258 waliokuwa wameomba nafasi hizo. Yaani katika nchi yenye hospitali za wilaya zinazoendeshwa na madaktari wawili au watatu, palikuwa na mamia ya madaktari waliokwisha kuhitimu, wenye vyeti mkononi, wasio na pa kufanyia kazi. Kilichowazuia kufika wodini ni kibali cha ajira na fungu la mishahara.

Hali hiyo haijaisha. Vyuo vya udaktari, vya umma na vya binafsi, vimeongezeka tangu miaka ya 1990, na wahitimu wasio na ajira wanaonekana mijini wakifanya kazi za muda kwenye zahanati za watu binafsi. Mtu anayesema kwamba kampasi Vwawa itajaza zahanati za Momba anapaswa kueleza nani atamlipa mhitimu huyo mshahara, na atalala nyumba gani huko Kamsamba.

Hata hivyo hoja hiyo isivutwe kupita kiasi. Kuna ushahidi wa nchi nyingi, ambao Shirika la Afya Duniani liliutumia katika mapendekezo yake ya 2010 na kuyahuisha 2021, kwamba mwanafunzi aliyezaliwa kijijini, akasomea nje ya mji mkuu na kufanya mafunzo ya vitendo kijijini, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukubali kubaki huko. Pembezoni huwa na nafasi zilizotangazwa zikakosa mtu, au zikapata mtu anayeripoti, anachukua barua na kuomba uhamisho. Hapo mahali aliposomea mtu pana uzito. Kampasi haiwezi kutengeneza ajira, ila inaweza kubadilisha nani anazikubali na anakaa nazo kwa muda gani.

Hoja ya kwanza: kampasi kamili ya udaktari

Wanaotaka kampasi kamili wana mifano ya kuonyesha. Uganda ilianzisha chuo kikuu Mbarara mwaka 1989, mji wa mkoa mbali na Kampala, na shule ya udaktari ikaanza ndani ya hospitali iliyokuwapo, ikisaidiwa na walimu kutoka Cuba. Hospitali ilikua pamoja na chuo. Rwanda imekwenda mbali zaidi: Chuo Kikuu cha Usawa wa Afya Duniani kilifungua kampasi yake Butaro mwaka 2019, kijijini kabisa katika Wilaya ya Burera, kando ya hospitali ya wilaya. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ikafunguliwa 2015.

Nguvu ya njia hii ni mvuto wake. Shule ya udaktari huleta mabingwa, kwa kuwa mwalimu wa upasuaji ndiye huyo huyo anayepasua. Huleta maabara, maktaba, nyumba za kupanga na wafanyabiashara. Mji wa Vwawa, unaotegemea mishahara ya ofisi za Serikali na msimu wa kahawa, ungepata uti mwingine wa uchumi. Mtoto wa Igamba au Itaka angeona udaktari ukisomewa mahali anapofika kwa bajaji.

Udhaifu wake uko kwenye hesabu ambayo ramani ya majengo huwa haiionyeshi. Chukua darasa dogo la wanafunzi 50 kwa mwaka. Shahada ya udaktari ni miaka mitano, na miaka mitatu ya mwisho mwanafunzi yuko wodini. Hao ni wanafunzi 150 kwa wakati mmoja, wakigawanywa kwenye magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Katika hospitali ya mkoa utawakuta kumi na wawili wamezunguka kitanda kimoja wakati wa raundi, yule wa nyuma anaona migongo ya wenzake, na mgonjwa anapapaswa tumbo na kila mmoja mpaka anageukia ukutani. Wakigawanywa zaidi, mwalimu hayupo, kwa sababu hospitali ina bingwa mmoja wa fani hiyo, au haina, na huyo mmoja yuko chumba cha upasuaji.

Miaka miwili ya mwanzo nayo ina ugumu wake. Walimu wa anatomia, fiziolojia, biokemia na patholojia ni adimu nchi nzima. Daktari akimaliza shahada anatamani ubingwa wa kutibu, hatamani kufundisha mifupa. Kampasi mpya haiwazai walimu hao. Inawachukua kutoka Mbeya, Dodoma au Muhimbili, ambako nako hawatoshi.

Mifano iliyotajwa ina masharti yake pia. Butaro ilianza na wanafunzi 30 wa udaktari, ikiwa na wafadhili wakubwa wa nje na shirika ambalo lilikwisha kuijenga hospitali miaka kadhaa kabla. Mbarara ilipewa walimu na nchi rafiki. Dodoma ni makao makuu ya nchi. Vwawa haina hata kimoja kati ya hivyo kwa sasa, na haifai kujilinganisha nazo kana kwamba inavyo.

Hoja ya pili: kuimarisha Mbeya

Kambi ya pili inasema fedha chache zisitawanywe. Mbeya kuna ndaki, kuna hospitali ya kanda, kuna kituo cha utafiti cha NIMR, kuna uwanja wa ndege ambao kwa ajabu ya majina yetu unaitwa Songwe ingawa uko Mbeya. Ongezeni mabweni na maabara pale, wanasema, na wanafunzi wa Songwe wasafiri saa mbili tu.

Kiufundi hoja hii ni ngumu kuijibu. Ubora wa daktari unategemea wingi na aina ya wagonjwa aliowaona akiwa na msimamizi. Hospitali ya kanda inayopokea rufaa za mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ina wagonjwa hao. Shilingi moja ikiwekwa kwenye maabara inayotumiwa na wengi huzaa zaidi kuliko ikijenga maabara ya pili itakayokaa nusu tupu.

Lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya elimu: hospitali ya kanda inapokea ugonjwa uliokwisha kuchujwa. Mwanafunzi wa pale anaona saratani iliyoenea na figo zilizoshindwa, haoni jinsi mtoto mwenye kifafa alivyofika zahanati mara nne na kurudishwa na panadoli. Ya pili ni ya haki: mikoa ilimegwa ili huduma zisogee. Kila kitu kikiendelea kurundikwa Mbeya kwa sababu tayari kuna kitu Mbeya, basi ile ofisi mpya ya mkuu wa mkoa ilikuwa ya kazi gani?

Hoja ya tatu: vyuo vya kati kwanza

Kambi ya tatu haina wasemaji wengi kwenye majukwaa, pengine kwa sababu haina jengo la kuvutia. Inasema anayekosekana Momba ni muuguzi, tabibu, mteknolojia wa maabara na mtaalamu wa usingizi, na hao husomea stashahada kwa takriban miaka mitatu, kwa gharama ndogo.

Historia ya nchi hii iko upande wao. Kwa miongo kadhaa upasuaji wa uzazi vijijini ulibebwa na madaktari wasaidizi, watu walioanza kama matabibu, wakapata uzoefu, kisha wakarudi shule. Utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 uliangalia upasuaji wa dharura wa uzazi, ukaona kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo nje ya hospitali kubwa ilifanywa na kada hiyo, na matokeo yao hayakutofautiana kwa maana na ya madaktari wa shahada. Baadaye Serikali iliamua kuiondoa kada hiyo taratibu. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake, zikiwamo za hadhi na viwango, lakini uliacha shimo ambalo wilaya za aina ya Momba zinaliona kila usiku mama anapokwama kujifungua.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba imewahi kutumiwa vibaya. Vyuo vya kati vya binafsi vilichipuka kila mahali, vingine vikiwa na wanafunzi wengi kuliko sehemu za kufanyia mazoezi, na leo kuna matabibu wenye stashahada wanaosota mtaani kama walivyo wenzao wa shahada. Zaidi ya hapo, kijana mwenye akili hataki kuambiwa dari lake ni stashahada kwa sababu tu amezaliwa Kamsamba. Asipoona njia ya kupanda ataondoka, au atabaki akiwa amekata tamaa, na hilo la pili ni baya zaidi kwa mgonjwa.

Njia ya kupanda inawezekana. Huko Leyte, Ufilipino, chuo kikuu cha taifa kilianzisha mwaka 1976 shule ya afya yenye ngazi moja ndefu: kijana anapendekezwa na jamii yake, anaanza na ukunga, anarudi kuhudumia, kisha anapanda uuguzi na hatimaye udaktari, huku kila ngazi ikiwa na cheti kinachomtosha kufanya kazi akishuka hapo. Tanzania ilikuwa na sehemu ya mfumo kama huo bila kuuita kwa jina. Sasa Serikali imezindua, Januari 2024, mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga watu 137,294 kwa miaka mitano. Hao ni ngazi ya chini kabisa ya mfumo wa Leyte, na haijulikani kwa nini kipaji cha mhudumu wa Ileje kiishie kwenye begi lake la dawa.

Mfano wa Ifakara, na somo la Mloganzila

Ukitafuta mji mdogo wa Tanzania uliofikia kufundisha madaktari, nenda Ifakara. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikuwapo kwanza, kazi ya wamisionari. Mwaka 1961 kikaanzishwa kituo cha kufundisha wasaidizi wa afya vijijini, kwa msaada kutoka Basel, Uswisi. Baadaye wakafundishwa madaktari wasaidizi. Chuo kikuu kishiriki cha afya kilikuja mwaka 2010. Hospitali za Bugando na KCMC zinasimulia hadithi ile ile kwa ukubwa mwingine: zote zilifunguliwa 1971, shahada ya udaktari ikaanza KCMC 1997 na Bugando 2003. Mahali pote patatu wagonjwa na walimu walizoeana kwa miongo kabla ya joho la kwanza.

Sisemi Vwawa isubiri nusu karne. Ninasema mpangilio wa hatua una sababu, na anayeuruka hulipa baadaye. Mloganzila inaonyesha bei ya jambo jingine, umiliki. MUHAS, iliyobanwa Upanga, ilipata ardhi kubwa nje ya jiji na hospitali ya kisasa ya kufundishia iliyojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, ikafunguliwa Novemba 2017. Ilipofika Oktoba 2018, Serikali iliuondoa usimamizi wa hospitali hiyo chuoni na kuukabidhi kwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Jengo lilikuwa zuri na vifaa vilikuwapo. Ugumu ulikuwa kwenye kuendesha: nani anaajiri muuguzi, nani analipia dawa, daktari anayefundisha ni wa wizara gani.

Swali hilo litajitokeza Vwawa likiwa kali zaidi. Mganga mfawidhi wa hospitali ya mkoa anapimwa kwa huduma na makusanyo. Mkuu wa kampasi atapimwa kwa wahitimu. Mwanafunzi anayejifunza kushona jeraha anatumia uzi mwingi na muda mrefu, na uzi huo lazima uwe kwenye bajeti ya mtu. Nchini mwetu mambo haya huachiwa uungwana wa wakubwa wawili wanaoheshimiana, kisha mmoja anahamishwa.

Vwawa au Tunduma, na suala la maji

Mahali penyewe pana mvutano wake. Tunduma ina watu wengi zaidi, ina fedha, ina wagonjwa wa kila namna, wakiwamo madereva kutoka nchi za kusini mwa Afrika. Wafanyabiashara wake wanaona kila kitu cha mkoa kinakwenda Vwawa. Wana hoja, lakini Tunduma imebanwa: mpaka upande mmoja, msongamano wa malori upande mwingine, na ardhi ghali iliyokwisha kujengwa holela. Vwawa ina hospitali ya rufaa ya mkoa na nafasi ya kutanuka. Hospitali ndiyo inayoamua. Tunduma ipewe wanafunzi wa mafunzo ya vitendo katika afya ya mipakani, dharura na ajali, na hilo ni darasa ambalo vyuo vingi vingelionea wivu.

Maji ni kikwazo kisichopenda siasa. Vwawa, Mlowo na Tunduma zimesumbuka na mgawo kwa miaka mingi, na mipango ya kuyaleta kutoka Mto Bupigu, Ileje, imekuwa ikitajwa kama suluhisho. Bweni la wanafunzi mia tatu, chumba cha kufulia, maabara na wodi ya wazazi vinakunywa maji ya mtaa mzima. Kampasi ikifunguliwa kabla ya maji ya uhakika, itashindana na wananchi waliochangia kuipigia debe.

Kupima

Nikiziweka hoja tatu pamoja, naona ya kwanza ina lengo sahihi lakini imeanza mwisho, ya pili ina ufundi sahihi lakini imesahau mkoa, na ya tatu ina mwanzo sahihi lakini haina ghorofa ya juu. Ninayoegemea ni ya kuanza na Vwawa kama kituo cha mafunzo ya vitendo cha ndaki ya Mbeya. Wanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano waje kwa makundi madogo ya wiki kadhaa, wakae hospitali ya mkoa, washuke Momba na Ileje, wakiwa na msimamizi anayelala hapa. Sambamba na hilo, hospitali ya mkoa na Mbozi Mission zipanue stashahada za kada zinazokosekana zaidi, hasa usingizi, maabara na ukunga, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwamba anayefanya vizuri na kuhudumia mkoa kwa miaka maalumu ana nafasi ya shahada Mbeya. Na utafiti wa tegu na kifafa uwe mradi wa kwanza wa pamoja na wataalamu wa mifugo, kwa kuwa hapo Vwawa ina kitu ambacho wenzake hawana.

Njia hii ina hasara, na wanasiasa wataiona haraka. Hakuna jiwe la msingi la kuzinduliwa. Bajeti itapitia Mbeya, na Mbeya ikibanwa itakata kwanza kile kilicho mbali. Wenye nyumba za kupangisha Vwawa hawatapata wapangaji mia tano, watapata thelathini wanaobadilishana. Kuna hatari halisi kwamba hatua ya kwanza igeuke kuwa ya mwisho, miaka kumi ipite, na mkoa ubaki na bweni dogo na bango lililopauka. Kinga ya hatari hiyo ni kufunga masharti ya kupanda ngazi tangu mwanzo: hospitali ikifikisha idadi fulani ya mabingwa wa kudumu katika fani nne kuu, na vitanda fulani vinavyotumika kweli, ndaki inalazimika kupeleka darasa la kudumu. Idadi hizo ziwekwe na Baraza la Madaktari na Tume ya Vyuo Vikuu, zisiwekwe na mkutano wa hadhara.

Ardhi haiwezi kusubiri masharti hayo. Karibu na hospitali ya mkoa viwanja vinapimwa na kuuzwa, na baada ya miaka michache fidia itakuwa kubwa kuliko gharama ya jengo. Halmashauri inaweza kutenga eneo sasa, likapimwa, likapata hati kwa jina la taasisi ya umma, hata kama litalimwa mahindi kwa muda.

Kwa hiyo ombi la kupeleka Dodoma mwaka huu lisiwe la ghorofa. Liwe la mabingwa wanne wa kudumu, wa magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, pamoja na nyumba zao nne na barua inayosema wazi mishahara yao inatoka fungu gani.